Robai, Mtoto Wangu Alisema Mahali

Nilisimama kando ya kitanda cha mwanangu katika wodi ya akina mama, Bungoma, chupa ya uji mkononi. Nikamwita, "Nekesa." Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa lile jina la nyanyake nililokuwa namwita akiwa mdogo. Hakugeuka. Nikapaza sauti mpaka wagonjwa wengine wakainua vichwa.

Nesi akaja akanishika kiwiko. "Mama, punguza sauti. Hata ukileta ngoma hapa, huyo hasikii. Ni masikio yote mawili."

Hapo ndipo Nekesa aliniona. Uso ulikuwa umefura upande mmoja, jicho limefungika. Akaniangalia vile unaangalia mgeni aliyekosea mlango. Kisha akasema kwa sauti kubwa sana, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe:

"Umekuja kufanya nini? Si ulisema mahali hakuna?"

Akageukia ukuta. Wodi nzima ilisikia. Yeye peke yake ndiye hakusikia.

Na mimi, mama mzima, nilijibu nini? Nilimwambia mgongo wake, "Mwanangu, hizo ng'ombe ziko kwa Wafula, si mimi nilikula." Nilidhani anaongea juu ya mahari... Mtoto amelala pale amevunjwa, na mimi bado masikio yangu yanasikia ng'ombe tu.

Wasomaji wenzangu, mimi nina miaka hamsini kasoro mbili. Nilisoma mpaka darasa la nne, karo ikakataa. Kwa hivyo mkiona makosa hapa mnivumilie. Lakini mkifika mwisho mtajua kwa nini siku hizi naogopa makosa ya kuandika kuliko naogopa nyoka.

Niliolewa na marehemu Simiyu, tukahamia Kitale kutafuta riziki. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, tukamwita Nekesa kwa sababu alizaliwa wakati wa mavuno. Simiyu alipokufa hakuacha shamba wala ploti. Tulikuwa tumejenga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya ndugu yake, Wafula, na Wafula akasema naweza kukaa. Alisema hivi hasa, mbele ya watu wa kanisa: "Shemeji akae, mradi awe na heshima."

Mnaelewa neno kama hilo? Kila asubuhi unaamka unajiuliza, heshima ya leo ni gani? Nilifagia uwanja wao. Nilichota maji yao. Kama mke wa Wafula amekasirika, mimi nilikuwa napika bila kugonga sufuria.

Huyo mke wa Wafula ndiye Robai. Namtaja kwa jina lake na sitamficha.

Robai alikuwa na kibanda cha simu ya jamii pale karibu na steji ya matatu. Hiyo ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, wakati simu ya mkononi ilikuwa ya mwalimu na ya mwenye gari. Sisi wengine tulikuwa tunapigiwa kwa Robai. Ukikosekana, Robai anaandika ujumbe wako kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, kalamu imefungwa kwa kamba isiibwe. Ukipita anakuita, "Wewe, una barua ya hewani!" Watu wanacheka, unasoma, unaenda.

Kibanda changu cha chai na mandazi kilikuwa hatua sita kutoka kwake. Nimehesabu hizo hatua mara nyingi sana tangu wakati huo. Sita.

Nekesa aliolewa Myanga, na fundi wa baiskeli anayeitwa Wanjala. Mimi sikumtaka Wanjala. Siku ya kwanza alipokuja kwetu alimtuma Nekesa maji ya kunywa mara tatu, na mara zote tatu hakusema asante. Nilimwambia mtoto wangu, huyu hana breki. Akaniambia, "Mama, wewe ulikaa na baba miaka yote hiyo kwa uwanja wa watu, utanifundisha nini mambo ya nyumba?"

Hilo neno liliniingia hapa. Sikulitoa. Nilimjibu vibaya, akaondoka akilia, na kutoka hapo tukawa tunasalimiana kupitia watu tu.

Ng'ombe wanne wa mahari walikuja. Hawakuja kwangu. Mume wangu alikuwa amekufa, kwa hivyo Wafula ndiye alipokea, na kabla hata kamba zikauke aliwapeleka kwa wakwe wa kijana wake mkubwa. Mimi nilipata blanketi. Nilinyamaza, kwa sababu ningesema wapi? Chumba ni chake.

Mwaka wa pili Nekesa akazaa msichana. Wanjala akaanza kutuma maneno na watu wa soko, ati alidanganywa, ati mke hajui kazi, ati kama mambo ni hivi heri arudishiwe ng'ombe zake. Wafula akaniita sebuleni. Robai alikuwa amekaa hapo akichambua mboga. Wafula akasema, "Mama Nekesa, huyo msichana wako avumilie. Akirudi hapa, hizo ng'ombe mimi nitatoa wapi? Nitamnyang'anya mkwe wangu?"

Robai hakuinua macho kwenye mboga. Alisema tu, "Na chumba ni kimoja."

Mkumbuke hilo neno lake.

Basi, Jumatatu moja nilienda kununua unga. Niliporudi Robai akaniita. Safari hii hakusema barua ya hewani. Aligeuza daftari likanielekea, akaweka kidole. Nikasoma polepole, neno kwa neno, na kidole changu kikifuata chake:

*Nekesa amepiga kutoka Bungoma. Anataka mahari kwako haraka.*

Nilisoma mara mbili. Wateja wangu walikuwa wanangoja chai. Nikamuuliza Robai, "Ni hayo tu amesema?"

Akasema, "Kitabu kimesema."

Sasa nyinyi mnaosoma, jiwekeni hapo. Mtoto hajakupigia mwaka mzima. Bwanake anatuma watu kudai ng'ombe. Halafu mtoto mwenyewe anapiga, hasalimii, haulizi Mama uko aje, anataka mahari kwako, tena haraka. Ungefikiria nini? Mimi niliona Wanjala amesimama nyuma yake akimwambia la kusema. Nikaona mtoto wangu amekuwa askari wa Wanjala. Na lile neno lake la zamani, lile la uwanja wa watu, likapanda kutoka tumboni mpaka mdomoni.

Nikasema, na watu wanasikia: "Akipiga tena mwambie mahari hakuna hapa. Na asinisumbue mpaka apate adabu."

Robai akauliza, "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Hiyo "hivyo hivyo" ni yangu. Simpatii Robai hata herufi moja ya hiyo.

Kesho yake Nekesa alipiga. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye jiko. Robai alikuja baadaye akaniambia, "Nimempa jibu lako. Akakata." Nikasema vizuri. Nilikanda unga wa jioni kwa nguvu sana. Wateja walinisifu, ati mandazi za leo zimefura.

Baada ya kama wiki mbili hivi, mama mmoja muuza ndizi kutoka Myanga akasimama mbele ya kibanda changu. Hakuketi. Akauliza, "Wewe ndiye mama ya Nekesa wa Wanjala?"

Nikasema ndiyo.

"Na unapika mandazi tu hivi? Mtoto wako ako hospitali siku ya nne. Mjukuu ako kwangu."

Ndivyo nilivyofika kwenye kile kitanda nilichowaambia mwanzoni. Ndivyo nilivyojibu habari ya ng'ombe kwa mtoto asiyesikia.

Nililala siku mbili kwenye benchi la nje pale hospitali. Nekesa alikunywa uji kutoka kwa nesi, kutoka kwangu hapana. Nikimkaribia anafunga jicho lile moja lililobaki wazi. Huwezi kumsihi mtu ambaye amefunga jicho na masikio yamekufa. Ni kama kugonga nyumba isiyo na mlango. Siku ya tatu nikarudi Kitale kumletea nguo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia.

Rafiki yangu Kitale alikuwa Mama Wanjiku, muuza viazi, mtu wa watu waliotoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba upande wa Kiminini zamani. Yeye amesoma mpaka kidato cha nne. Alinikuta nimekaa kwenye kibanda, jiko halijawashwa. Nikamweleza yote, na kwa sababu nilikuwa natafuta kujitetea, nikamwambia, "Njoo usome kama nadanganya. Mtoto mwenyewe alisema anataka mahari."

Robai alikuwa ameenda sokoni, msichana wa jirani ndiye alikuwa anamshikia kibanda. Tukafungua daftari. Mama Wanjiku akasoma mstari wangu, akatingisha kichwa. Kisha macho yake yakashuka chini kidogo, na akaanza kucheka.

"Huyu Fundi Juma naye anaoa nini?" akasema.

Nikaangalia. Mistari mitatu chini ya wangu, mwandiko ule ule, siku ile ile:

*Fundi Juma. Kuna mahari pa kazi Kiminini. Uje na mwiko.*

Alikuwa anacheka bado. Halafu akaacha kucheka. Aliniangalia, nikamwangalia. Akarudi juu kwenye mstari wangu, akausoma tena taratibu, safari hii kama unavyopaswa kuwa: *Anataka mahali kwako haraka.*

Mahali.

Mtoto wangu hakuwa anataka ng'ombe. Alikuwa anataka pa kulala.

Sisi watu wa Bungoma, L na R kwetu ni mapacha, tunaita huyu anakuja yule. Watu hututania. Hata mimi nimetaniwa kanisani nikisoma neno. Nilikuwa najua hivyo maisha yangu yote! Nilijua kuliko mtu yeyote, na siku ile moja nilipohitaji kujua, sikujua.

Sasa geuzeni na jibu langu mlione. Mimi nilisema mahari hakuna hapa. Robai akalisema kwenye simu na ulimi ule ule wetu. Na mtoto wangu, aliyesimama Bungoma mjini na mtoto mgongoni na nguo kwenye mfuko wa karatasi, akasikia nini? Mahali hakuna hapa. Na asinisumbue mpaka apate adabu.

Robai aliporudi nilikuwa bado nimeshika daftari. Nikamwambia, "Robai, hii ni mahali ama mahari?"

Akaweka kikapu chini. "Ni vile imeandikwa."

"Nekesa alisema nini?"

"Mama Nekesa, mimi naandika vile nasikia. Mimi si mwalimu." Kisha akanisogelea. "Na wewe hebu sema mahali. Sema tusikie."

Nikafungua mdomo. Wasomaji, nilijaribu kwa uwezo wangu wote. Lakini ulimi ukaenda kule ulikozoea.

"Mahari," nikasema.

"Umeona?" akasema Robai. "Sasa unanishtaki kwa nini?"

Msichana wa jirani akacheka bila kutaka. Na mimi nikarudi kibandani kwangu, hatua sita.

Zile siku simtakii adui yangu. Nilikuwa nimebanwa. Bungoma sitakiwi. Kitale nalala kwenye uwanja wa watu walionifunga mdomo. Usiku na mchana nilikuwa najitukana. Mjinga wewe. Mama gani wewe. Hata ng'ombe humjua ndama wake akilia. Niliacha kula. Niliunguza mandazi, na nikaona ni haki yangu kuunguza.

Mama Wanjiku akanivumilia siku mbili, ya tatu akachoka. Akaja akaketi kwenye gunia lake la viazi mbele yangu. "Wewe mama," akasema, "vile unajiongelesha, kama ungekuwa unaongelesha jirani hivyo, tungekuita mchawi."

Nikasema nastahili.

"Sawa. Na kama ni mimi nimesoma vibaya, nikamjibu Wanjiku wangu vile ulimjibu Nekesa, nikuje hapa nalia. Ungeniambia nini?"

Nikafikiri. "Ningekuambia pole."

"Ungeniambia mimi ni mjinga?"

"Hapana. Ningekuambia uende umwambie mtoto."

"Sasa si ujiambie hivyo? Ama ni wewe peke yako hapa Kitale huna ruhusa ya pole?"

Ilichukua muda. Neno dogo hivyo, pole, na nilikuwa nalitoa kila siku kwa watu wanaojikwaa njiani. Kujipa mwenyewe lilikwama kama mfupa wa samaki. Nililisema kwa Kibukusu kwanza, chini ya pumzi. Halafu nikanawa uso. Siwadanganyi, makosa yangu hayakutoka na hayo maji. Lakini kitu kimoja nilijua: mtu anayejipiga mwenyewe mikono yake imejaa. Hawezi kushika mwingine.

Nikanunua daftari na kalamu, nikarudi Bungoma.

Nekesa alikuwa ameketi kitandani, uvimbe umepungua. Aliponiona alianza kugeuka. Nikaweka daftari kwenye magoti yake kabla hajamaliza kugeuka. Nilikuwa nimeandika nje kwenye benchi, kwa herufi kubwa, nikiuliza kila herufi kwa mama mmoja aliyekuwa anangoja dawa:

WEWE ULISEMA MAHALI.
ROBAI ALIANDIKA MAHARI.
MIMI NIKASEMA MAHARI HAKUNA.
WEWE UKASIKIA MAHALI.

Alisoma. Akasoma tena. Akaweka kidole kwenye L, akakihamisha kwenye R, akakirudisha. Uso wake sikuweza kuusoma. Kisha akachukua kalamu. Nilidhani ataandika kitu cha kunisamehe, kwa sababu ndivyo tunavyotaka, si ndivyo? Unakiri, unasamehewa, mnakumbatiana.

Aliandika: *Mbona hukuuliza?*

Hakuongea. Angeweza kuongea, lakini aliandika, ili nisipate njia ya kusikia vibaya.

Nilishika kalamu. Nilitaka kuandika juu ya Wafula na ng'ombe, juu ya lile neno lake la uwanja wa watu, juu ya wateja waliokuwa wanangoja. Yote ni kweli. Lakini hayakuwa jibu. Niliandika neno moja tu: *Niliogopa.*

Akaniangalia. Nikaongeza chini: *Mimi pia sina mahali.*

Hapo ndipo alilia. Mimi pia. Nesi akapita akasema afadhali leo mnalia pamoja.

Kisha akaanza kunieleza, kwa ile sauti yake mpya isiyo na kipimo, na mimi nikimwonyesha kwa mkono ashushe. Akanieleza vile alitoka kwa Wanjala mara ya kwanza. Vile alikaa Bungoma sokoni na mtoto siku mbili, akingoja jibu langu. Vile alirudi Myanga alipopata jibu, na Wanjala akamfungulia mlango akicheka. "Umerudi? Kwenu wamekukataa?" Akaniambia, "Mama, kabla ya hapo alikuwa anaogopa kidogo. Alikuwa anafikiri kuna mtu atakuja. Siku hiyo alijua hakuna mtu nyuma yangu."

Halafu akasema neno ambalo mimi sikulijua. Alisema, "Nilipiga mara tatu."

Nikainua vidole viwili. Mbili.

"Tatu, Mama. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla anipige. Nilisema heri nikuombe msamaha, hata kama hakuna mahali. Mama Robai alishika simu. Nilikuwa nalia, nikamwambia niitie mama. Akasema hauko, umeenda kwa mazishi."

Mimi sikuwa nimeenda mazishi yoyote.

"Nilijua uko," akasema Nekesa. "Nilikusikia. Ulikuwa unaita, chai ya nani hii? Chai ya nani hii inapoa?"

Wasomaji wenzangu... Kesho yake Wanjala alimpiga kwa pampu ya baiskeli, upande huu na upande huu. Mtoto wangu hatasikia tena. Na sauti yangu ya mwisho masikioni mwake haikuwa jina lake. Ilikuwa *chai ya nani hii*.

Sasa ni miaka imepita. Hatuko Kitale tena. Nilitoka kwenye kile chumba cha heshima na blanketi langu, na tulikodi chumba Misikhu, mimi, Nekesa na mjukuu. Mimi nakaanga mandazi, Nekesa anashona. Ni chumba kidogo, paa linavuja upande wa mlango. Lakini ni mahali. Kwa L. Nekesa aliandika hilo neno kwa chaki juu ya mlango, na watu wanaopita hudhani ni jina la hoteli. Wengine huingia wakaagiza.

Na tuna daftari letu. Katika nyumba yetu, jambo zito halisemwi bila kuandikwa, na aliyesoma lazima aandike chini, *Umesema hivi?* mpaka mwenziwe aseme ndiyo. Mimi nikikasirika nataka kumtukana, lazima niandike, na kwa darasa langu la nne, nikifika katikati ya tusi hasira imeisha na bado sijui kama ni J ama CH. Siku nyingine naishia kumchorea kikombe cha chai. Anacheka. Hajanisamehe yote. Kuna siku ananiangalia na najua anasikia ile simu. Siku hizo simharakishi. Na mimi pia sijipigi tena kama zamani. Najiambia pole, naendelea na unga.

Nawasihi nyinyi mnaosoma hii. Ukiletewa neno la mtoto wako, la mama yako, la mke wako, na neno limechoma, usilijibu likiwa bado linachoma. Tuma mtu arudi aulize, ulimaanisha nini? Uliza hata kama utaonekana mjinga. Ujinga wa kuuliza unaisha saa hiyo hiyo. Ule mwingine mimi ninaishi nao. Na ukishakosea, usijifungie ndani ya kosa ukatupa ufunguo, kwa sababu yule uliyemkosea atakuja kugonga, na wewe utakuwa unajililia hapo ndani.

Wanjala, wewe bado unatengeneza baiskeli Myanga na watu wanakupa mkono. Yako iko, itafika. Binti yako anakua, na siku moja atauliza kwa nini mamake hasikii akiitwa, na sisi hatutamficha.

Wafula, ng'ombe ulikula, kaa nazo.

Lakini Robai, najua utasoma hii, ama utasomewa. Herufi nimekusamehe. Ulimi wako ni wangu, na siku ile ulinishinda mbele ya watu kwa haki. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo, na hiyo nimeibeba.

Ninayokuuliza ni ile Ijumaa. Mtoto alikuwa analia kwenye simu. Machozi hayaandikwi kwa L wala kwa R. Uliyasikia. Mimi nilikuwa hatua sita, na kikombe mkononi, naita kwa sauti mpaka yeye wa huko mbali akanisikia. Wewe ulisema niko kwa mazishi. Ni ng'ombe ulikuwa unalinda? Ni kile chumba kimoja? Ama ulikuwa tu umechoka siku hiyo?

Njoo Misikhu, uliza mahali, watu wote watakuonyesha. Nekesa atakupa daftari. Kalamu haijafungwa na kamba. Kaa chini uandike jibu, kwa mkono wako, na hata ukikosea herufi tutaelewa.

Yalikuwa mazishi ya nani, Robai?